Shahidi Aliyelala Mezani

(Wasia wa Mshona Magodoro, sehemu ya saba)

Nawategea, wajukuu zangu: anatoa zawadi, mkono hana.

Fikirini huku nasimulia. Wiki iliyopita tuliwaacha watu roho mkononi ndani ya karakana ya magodoro. Wakili alikuwa anasoma wasia. Alifika pale marehemu aliposema, "Nyumba wagawane wanangu. Lakini karakana yangu, na meza yake, na mashine yake, na kiwanja chake, nawapa..."

Hapo mlango ukagongwa.

Wakili alikuwa ameshavuta pumzi, kwa hiyo akamalizia. "...nawapa Nyumba ya Wazee, iliyoko nyuma ya soko."

Mlango ukafunguka, na aliyesimama pale alikuwa Matroni wa hiyohiyo Nyumba ya Wazee, mwavuli kwapani, viatu vina matope.

"Hodi," alisema, ingawa alikuwa ameshaingia.

Hakuna aliyemkaribisha. Si kwa roho mbaya. Watu walikuwa bado wanaimeza habari ile.

Kwa wewe uliyefika leo, hawa ndio waliokuwa wanameza. Marehemu alikuwa mshona magodoro, mji mzima ulimwita Mzee Godoro. Aliacha watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, mtu wa ofisini, anaitwa Bwana Kikao, kwa sababu hata chumvi ikiisha nyumbani kwake anaitisha kikao na kuteua katibu. Wa pili ni binti, anaitwa Sindano. Mwembamba, maneno yake machache, lakini likikuchoma moja utalitafuta ulitoe. Ndiye aliyekuwa akishona humu tangu mikono ya baba yake ianze kutetemeka. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Alichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya kuta hizi, na baba yake alikuwa amekigawa kwa sauti ya wakili.

Wa mwisho ni Shangazi, dada wa marehemu, aliyekaa juu ya robota la pamba kama mtu aliyekaa juu ya haki yake.

"Umewahi, mama," alimwambia Matroni. "Kaka yangu hajamaliza kusomwa, wewe umeshafika kubeba."

"Sikuja kubeba," alisema Matroni. "Nimekuja kukataa."

Wakili akavua miwani. Bwana Kikao, ambaye tangu asubuhi, kwa fununu tu za zawadi hii, alikuwa ameapa kuupeleka wasia huu mahakamani, akabaki mdomo wazi kama mfuko uliokosa kamba.

"Kukataa nini?"

"Hii karakana. Mzee Godoro aliniambia ataniandika. Nikamwambia asiniandike. Akasema nimechelewa."

Sasa sikilizeni maajabu ya binadamu. Dakika moja nyuma familia nzima ilikuwa tayari kupigana zawadi isitoke. Dakika hiyo ikapita, na Shangazi akasimama.

"Ina ubaya gani?"

"Sijasema ina ubaya."

"Umeikataa bila kuiangalia. Iangalie kwanza. Hilo paa unaliona?"

Matroni akainua macho. "Naliona. Na mawingu nayaona."

"Ni tundu moja tu. Kaka yangu alikaa chini ya tundu hilo miaka yote, hakulalamika hata siku moja."

"Alihamisha meza," alisema Sindano. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Bwana Kikao akajikohoza. "Mama Matroni, tuongee kiutaratibu. Familia inasikitishwa. Baba ametoa kwa moyo mmoja. Leo kitu cha baba yetu kinarudishwa mbele za watu kama shati lisilotosha."

"Wewe si ndiye uliyetaka kunishtaki?"

"Nani kasema?"

"Kinyozi."

Hapo ubishi ukaisha, maana kinyozi wa jirani mdomo wake hauna breki. Kama amesema, basi imesemwa, na kama imesemwa, mji umeshasikia.

Matroni akakaa ukingoni mwa godoro ambalo halijafungwa. Likamshusha pole pole mpaka magoti yakalingana na mabega. Akaendelea kuzungumza kutoka huko chini, bila kuonyesha dalili kwamba kuna kilichotokea.

"Wazee wangu hawashoni. Wenye nguvu za mikono hawalioni tundu la sindano, na wenye kuliona mikono inacheza. Nikipewa chumba bila fundi, nimepewa vumbi la kufagia. Na mkinipeleka mahakamani, nusu yao watakuwa wameshakwenda zao kabla hatujaitwa mara ya kwanza. Kuna mmoja pale, akisikia neno foleni tu, anaomba alazwe."

Sindano alikuwa amesimama karibu na meza ya kupimia, kiganja kimelala juu ya mbao. Meza ile ilikuwa imechakaa katikati kwa miili ya wateja, ikang'aa kama sahani.

"Alikwambia kwa nini?" aliuliza. "Baba. Kwa nini nyinyi?"

Matroni akamgeukia.

"Kuna bibi mmoja aliletwa kwangu, mteja wake wa zamani. Wanawe walimleta yeye, godoro wakabaki nalo. Baba yako akasikia, akaja kumtazama. Akaingiza mkono chini ya nyonga ya yule bibi, akagusa ubao. Sponji ilikuwa imekonda hivyo. Akaniuliza, wote wanalala hivi? Nikamwambia, wengine hivi, wengine vibaya zaidi. Basi akajilaza sakafuni palepale. Nikadhani anaugua, nikaita watu. Kumbe anapima. Akasimama, akajipangusa, akasema sakafu ina afadhali."

Shangazi alijifuta jicho moja, lingine akaliacha limwangalie Matroni.

"Na mimi?" alisema Sindano. "Hakunitaja?"

"Alikutaja. Alisema wewe una mikono."

Sindano akaitazama mikono yake, juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyotimia.

"Mikono bila meza nitashonea wapi," alisema. "Magotini?"

Mzee wa kulijibu swali hilo alikuwa ameshalala, na safari hii kwenye kitu asichokishona mwenyewe.

Wakili ndiye aliyewaokoa. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, aliyekuwa akizama taratibu kwenye gunia la sufi alilopewa kama kiti, na sasa alibaki kifua na kichwa.

"Mama Matroni, kwa sheria bado huwezi kukataa," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bado hujapewa. Wasia lazima kwanza uthibitishwe. Mashahidi waseme mbele yangu kwamba walimwona marehemu akitia sahihi. Wakishasema, utapewa. Ukishapewa, utakataa kwa raha zako."

"Mashahidi ni nani?"

"Mmoja ni karani wangu huyu." Karani, kijana mwenye tai iliyomkaba, akainua mkono kutoka kwenye kona. "Wa pili ni kinyozi."

Kinyozi hakuhitaji kuitwa. Ukuta wa karakana na wa kibanda chake ni ule ule mmoja, na sikio lake lilikuwa limeshaacha alama. Aliingia na wembe mkononi, povu mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yake akaja mteja mwenye taulo shingoni na ndevu upande mmoja tu wa uso. Mteja hakutaka kupitwa.

"Nimekuja kuapa," alisema kinyozi.

"Bado hatujafika kwenye kuapa," alisema wakili. "Niambie tu. Siku Mzee Godoro alipotia sahihi wasia huu, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa wapi?"

"Pale mezani."

"Ulikuwa umekaa mezani?"

"Nimelala."

Wakili aliinua kalamu, akairudisha chini.

Wajukuu zangu, lazima niwaeleze kazi ya nyumba hii, la sivyo hamtaelewa kwa nini wakili alianza kutoka jasho. Mzee Godoro hakuwa mtu wa kupima kitanda. Alipima mtu. Ukitaka godoro, ulilazwa juu ya meza ile vile unavyolala kwako. Wa ubavu alilala ubavu, akatazama ukuta. Wa chali alilala chali. Na wote, awe tajiri, awe ombaomba, waliamriwa kufumba macho. "Mteja akiwa macho," alikuwa akisema, "anajipanga kama anapigwa picha. Akifumba, mwili unasema ukweli." Basi ukilala pale, ukifumba, yeye anapitisha futi begani, kiunoni, kwenye nyonga, anajua wapi ajaze pamba nyingi na wapi apunguze. Ndiyo maana Shangazi, ambaye hakubali kusifu kitu chochote, husema godoro alilopimiwa na kaka yake halijawahi kumuuma mgongo hata siku moja.

Na jambo la pili: Mzee Godoro hakujua kusimamisha kazi. Alikula akishona. Alitoa mahari ya mwanawe huku anachambua pamba. Siku wakili alipomtuma karani na wasia ili mzee atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, shahidi wa pili aliyepatikana karibu alikuwa tayari juu ya meza.

"Ulikuwa umelala vipi?" aliuliza wakili, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu lisije.

Kinyozi alikuwa mtu wa kuonyesha kuliko kusema. Akampa mteja wembe amshikie, akapanda mezani, akalala ubavu, uso ukutani, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu. Akafumba macho.

"Hivi," alisema akiuambia ukuta.

Wakili akautafuta ukurasa wa mwisho wa wasia.

"Na sahihi yako?"

"Niliwekewa karatasi hapa ukutani, nikatia. Ndiyo maana imeinama."

Wakili akaitazama karatasi. Sahihi ilikuwa imeinama kweli, kama mtu anayeshuka mlima.

"Nilidhani ni mtindo," alisema.

Akamgeukia karani. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee. Nilimwona marehemu akisaini. Sikujua kwamba nami natakiwa kumwangalia anayeangalia."

"Kwani kuna tatizo?" aliuliza kinyozi, bado amelala.

"Shahidi lazima aone kwa macho yake."

"Kalamu niliisikia. Ilikuwa inakwaruza."

"Sheria haitaki masikio," alisema wakili, "inataka macho."

Bwana Kikao akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na sura ya mtu aliyefunga ajenda kabla ya muda. "Kwa hiyo wasia umekufa."

"Kama alifumba macho, haukuwahi kuzaliwa."

"Na sisi?"

Wakili akatoa bahasha nyingine mkobani, ya zamani, kingo zimekuwa rangi ya chai. "Huu ukianguka, unasimama ule wa kwanza, alioandika zamani. Mle ndani nyumba mnagawana vilevile. Karakana ni ya binti yake."

Yaani ya Sindano. Meza, mashine, kiwanja, na tundu la paa.

Sindano hakusogea. Nyie mngeruka. Mimi ningekaa chini. Yeye aliendelea kushika ubao ule, ila vidole vilibadilika rangi.

"Lakini," alisema kinyozi, akiteremka mezani taratibu kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa amefanya nini, "huenda nilifumbua. Hata jicho moja. Sikumbuki vizuri, usingizi ulinipitia kidogo. Godoro la mtu likipimwa, mtu hulegea."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Sindano. Alishika ncha ya futi, upande wa ukutani. Uso wangu aliuona yeye peke yake."

Haya sasa. Macho yote yakamgeukia binti.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Mwanangu, sikiliza. Baba yako alitaka kutoa. Huyu bwana huenda alifumbua jicho, huenda hakufumbua, nani anajali jicho la kinyozi. Sema alifumbua. Usimshike kaka yangu mkono akiwa kaburini."

"Shangazi anamfundisha shahidi," alisema Bwana Kikao. "Iandikwe. Mdogo wangu, sema kweli. Safari hii kweli ina faida. Sema alifumba, karakana inabaki ndani ya familia, tunavunja huu ukuta, tunaweka maduka mbele. Wewe utapata la pembeni."

"La pembeni," alisema Sindano.

"Lenye dirisha."

Matroni alikuwa anajaribu kunyanyuka kutoka kwenye lile godoro, akashindwa, akaamua kusemea huko huko. "Binti, mimi usinihesabu. Nilishakataa kabla hujaulizwa. Sema ulichokiona, ukalale."

Akisema alifumbua, anabaki bila meza, na wazee wanapata chumba wasichokiweza. Akisema alifumba, anapata meza, na neno la mwisho la baba yake linatupwa na takataka.

Baba yake alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote za karakana ile. Mteja akiuliza kama pamba imetosha, na haijatosha, usimwambie imetosha. Ukimdanganya mnunuzi wa nyanya, ataula uongo wako jioni yaishe. Ukimdanganya wa godoro, ataulalia kila siku ya Mungu, na utamchoma mbavu.

"Alifumba," alisema Sindano. "Tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anakoroma."

"Mimi sikoromi," alisema kinyozi.

"Unakoroma hata ukininyoa," alisema mteja mwenye ndevu upande mmoja.

Wakili akakunja wasia mpya, mara mbili, kama inavyokunjwa nguo ya marehemu. Shangazi akageuza uso. Bwana Kikao tayari alikuwa anapima ukuta wa mbele kwa hatua, anahesabu milango ya maduka kwa kidole, na katika kuhesabu akapanda juu ya godoro la mtu.

"Kaka," alisema Sindano. "Shuka. Hilo lina mwenyewe."

Akashuka. Hakujua kwa nini ameshuka upesi hivyo. Sauti ile ilikuwa ya baba yao.

"Wakili, karakana ni yangu?"

"Wasia wa zamani ukishathibitishwa, ni yako."

"Mtu mwenye kitu chake anaweza kukiandikia wasia leo?"

"Anaweza."

"Basi toa karatasi. Andika."

Wakili akatazama huku na huko, akaona hana meza isipokuwa ile, akaegemea hapo. Sindano akasema pole pole, kama anavyopitisha uzi, na kila neno aliliachia nafasi likaze.

"Nikifa, karakana hii na vyote vilivyomo viende Nyumba ya Wazee. Nikiwa hai, nashona humu, na ukuta hauvunjwi. Na kila robota jipya la pamba likifunguliwa, godoro la kwanza ni la mzee wa kule, apimwe kama mteja mwingine yeyote. Aanze yule bibi aliyenyang'anywa lake."

"Hilo la kila robota si la wasia," alisema wakili. "Ni ahadi."

"Liandike hivyo hivyo."

"Mdogo wangu," alisema Bwana Kikao, "hili jambo lilihitaji kikao."

"Tumekaa tangu asubuhi, Kaka. Wakili amekaa mpaka amezama."

Shangazi alikuwa amemkodolea macho. "Unaandika wasia hujaolewa hata mara moja?"

"Nianze na lipi, Shangazi? Hili limekuja kwanza."

"Na ukipata watoto?"

"Watakuwa na mikono."

Hapo Shangazi akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya: akatoa leso yake akampa Matroni. Matroni hakuwa analia, lakini alikuwa na matope viatuni.

"Zawadi yangu hii nayo unaikataa?" Sindano alimuuliza.

"Hapana," alisema Matroni kutoka chini kule. "Hii siikatai."

"Kwa nini? Paa ni lile lile."

"Hii ina fundi."

Wakamvuta watu wawili, akasimama. Alipopita mbele ya meza aliigusa kwa ncha za vidole, pale palipong'aa.

Kile kitendawili changu nadhani mmeshakifumbua. Anatoa zawadi, mkono hana: ni marehemu. Hana mkono, basi ameazima wa bintiye.

Ingekuwa mimi natunga tu, ningewaacha hapo mkalale vizuri. Lakini ilibaki kutia sahihi.

Wakili safari hii hakutaka mchezo. Alimweka karani kulia na mteja mwenye ndevu upande mmoja kushoto, wote wima, wote mbali na meza, akawaamuru watoe macho. Wakayatoa. Kinyozi, ambaye hakuwa shahidi, naye aliyatoa kwa kufidia ya mwanzo. Sindano akashika kalamu, akaona watu watatu wanaitazama kama nyoka, akaiweka chini.

"Mnanitisha," alisema.

"Vumilia," alisema wakili. "Na kabla hujatia, ngoja niuangalie tena ule wa zamani. Kuumwa mara moja kunatosha."

Akaufungua. Akaupeleka mwangani, chini ya lile tundu la paa, jua likaanguka juu ya karatasi.

Sahihi ya marehemu, sawa. Sahihi ya shahidi wa kwanza, karani wa zamani wa wakili, ambaye sasa ni marehemu naye, imenyooka kama rula. Sahihi ya shahidi wa pili.

Wakili akaigeuza karatasi. Akaigeuza tena.

Sahihi hii haikuinama. Ilikuwa imepanda. Ilianzia chini ikaenda juu, kama mjusi ukutani, na herufi ya mwisho ilikuwa imetoka nje ya mstari kabisa, kama ya mtu aliyeandika akiwa ameinua karatasi juu ya uso wake.

"Shahidi wa pili hapa," alisema wakili pole pole, "ni Shangazi."

Kila mtu akageuka. Hata mteja aliacha kutoa macho.

Bwana Kikao ndiye aliyepiga hesabu haraka kuliko wote, maana hesabu zake zilikuwa zimeshajengwa. Wasia mpya wa baba haukuzaliwa. Ule wa zamani nao ukianguka, hakuna wasia. Pasipo wasia, karakana inagawanywa nusu kwa nusu kama nyumba, na nusu yake ina milango ya maduka. Akakaa. Akavuta kiti karibu.

"Naomba kikao kiwe na utulivu," alisema.

Sindano alikuwa ameishika tena kalamu. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama Shangazi, mwanamke ambaye mdomo wake haujapumzika tangu msiba uanze, na ambaye sasa alikuwa amekaa kimya juu ya robota, mikono mapajani.

"Shangazi," alisema wakili, "siku hiyo, kaka yako alipotia sahihi, wewe ulikuwa umesimama, au umekaa?"

Shangazi akaitazama meza. Akamtazama binti wa kaka yake. Akairekebisha kanga kichwani, bila haraka.

"Kwanza niambie wewe, wakili," alisema. "Mtu akilala chali, anahesabiwa ameona?"